Kisanduku cha Dawa za Mama, na Mtani Anayekileta

Hull, Uingereza
Jumapili, 25 Novemba 1984

Kwa Dada Mwamvua,
Ipuli, Tabora

Dada yangu, shikamoo.

Kabla ya yote, mpe kiti huyo aliyekukabidhi barua hii, mpe na maji ya kunywa, halafu ingia ndani uisome ukiwa peke yako. Barua yenyewe imemsema sana, na ana masikio marefu. Jina lake Kibwana, Mzaramo wa Kisarawe, kwa hiyo ni mtani wetu, na najua atakuwa ameanza maneno yake tangu mlangoni. Usimjibu yote, atachelewa kula.

Hali yako, Dada? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama kufua? Shemeji bado yuko zamu ya asubuhi pale stesheni? Na sukari je, inapatikana dukani au mnapanga foleni mpaka jua linawageukia? Nimempa Kibwana sabuni vipande sita na betri za tochi. Akikwambia alipewa vitano, mwambie afungue begi lake.

Mimi ni mzima wa mwili. Baridi imeanza, na saa kumi jioni giza limeshaingia. Kikohozi cha mwaka jana hakijarudi.

Barua yako ya msiba ilinifikia siku ishirini baada ya Mama kuzikwa. Nimekujibu mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili niliandika maneno machache ya kuombea marehemu nikafunga bahasha. Ulidhani labda nimekuwa mtu wa Ulaya, sina maneno. Sivyo. Kuna jambo nilikuwa nalifanya kwa ajili ya Mama ambalo sikuwahi kukwambia, nami naona haya jinsi lilivyokwenda. Leo nitakueleza.

Kazini unapajua, nilishakuandikia. Ni kiwanda cha mbao. Napanga, nafagia, natia grisi kwenye mashine. Mbao za huku ni nyeupe na nyepesi, na mtu aliyezoea mninga huona kama anapasua mkate. Lakini Jumamosi mchana, kwa miaka mitatu sasa, nimekuwa nikienda kwenye chumba kimoja nyuma ya shule, ambako hukutana watu kama kumi wanaopenda kutengeneza vitu vya umeme kwa kujifurahisha tu. Anayetuongoza ni mwalimu mstaafu, tunamwita Mzee Tomu. Hakuna anayelipwa. Mmoja anatengeneza kengele ya mlango, mwingine kigari kinachokwenda chenyewe, tunakunywa chai, tunarudi makwetu.

Mwaka jana uliniandikia kwamba Mama anachanganya vidonge vyake vya presha. Ulisema cha asubuhi anakimeza jioni, na cha mchana anakifunga kwenye pindo la kanga halafu kanga inafuliwa nacho. Niliisoma barua ile nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Nikaamua nitamtengenezea kisanduku. Kiwe na vyumba vitatu vya vidonge, na juu ya kila chumba taa ndogo, nyekundu, ya njano na ya kijani. Wakati wa dawa ukifika, taa ya chumba kinachohusika iwake na kengele ilie mpaka mtu afungue kifuniko. Mama asingehitaji kusoma chochote.

Kazi ya mbao niliimaliza kwa siku mbili. Iliyonishinda ilikuwa akili ya kisanduku. Akili hiyo inakaa ndani ya chipu, yaani kidude cheusi chenye miguu arobaini, ukikitazama kimelala utasema jongoo aliyekufa chali. Mgongoni kina kidirisha cha kioo. Ukikimulika kwa taa maalumu dakika ishirini, kinasahau kila ulichokifundisha, unaanza upya. Mzee Tomu anasema hata jua kali likikipiga siku nyingi kitasahau. Nilipolikumbuka jua la kwetu nikabandika karatasi nyeusi juu ya kidirisha, na nakuomba usiibandue.

Sasa, chipu haijui maneno. Inajua namba tu. Wewe unaandika maagizo yako kwa maneno mafupi yanayosomeka, halafu programu nyingine iitwayo kompaila inayasoma na kuyageuza kuwa namba. Ni mkalimani, Dada. Mkalimani akiwa mzuri, mnaelewana. Yangu mimi ilikuwa kuukuu.

Mzee Tomu alinipa bure, pamoja na mashine yake ya zamani, nami nilishukuru kwa moyo wote. Ilikuwa imerekodiwa kwenye kaseti, kaseti ileile ya kuwekea nyimbo. Kila Jumamosi ilinibidi niipige kaseti robo saa nzima mpaka mashine ijae, inalia mlio kama nzi ndani ya chupa. Umeme ukitikisika kidogo unarudia mwanzo. Ikishajaa, unaiandikia maagizo yako, inafikiri, kisha inakuandikia KOSA LA SABA. Kosa la saba ni nini? Kitabu cha maelezo kilikuwa kimepoteza kurasa hizo. Na mstari ilioutaja haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa mistari mitatu nyuma yake. Hilo nilikuja kuligundua baada ya mwezi mzima wa kusahihisha mistari isiyo na hatia. Tena ilitengenezwa kwa ajili ya chipu za kizamani, kwa hiyo ilizungumza maneno mengi pasipo haja. Palipotakiwa namba mbili iliweka tano. Chipu yangu ina nafasi elfu moja na ishirini na nne tu. Maagizo ya Mama, yakishapita kwa mkalimani huyo, hayakuenea.

Ndipo akatokea Kibwana.

Alikuja Hull kwa meli kama mimi, akapata kazi bandarini. Siku ya kwanza kuingia chumbani alinisikia nikihesabu kwa Kiswahili peke yangu. Akasimama nyuma yangu.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Tabora."

"Lahaula! Mnyamwezi! Wamekuleta mpaka huku kubeba mizigo?"

"Na wewe Mzaramo wamekuleta kupiga ngoma?"

Wazungu walitutazama wakadhani tunagombana. Tulikumbatiana, Dada. Miaka saba nilikuwa sijatukanwa na mtani. Unakumbuka Baba alivyokuwa akisema kwamba babu zetu na babu zao walizoeana katika safari za misafara, wetu wakishuka pwani na mizigo na wao wakiwapokea kwa matusi. Nilihisi nimepokewa.

Lakini baada ya miezi michache Kibwana alinunua kompyuta yake mwenyewe, na kompaila mpya. Haikuwa ya kaseti. Yake inakaa kwenye disketi, unaisukuma ndani, unahesabu mpaka kumi, imejaa. Ukikosea inakwambia umekosea wapi, na inakwambia kosa lenyewe ni nini. Nilisimama nyuma yake nikaitazama ikifanya kazi, na moyo wangu ulifanya kitu nisichokipenda. Nilitamani iharibike. Nilitamani umeme ukatike. Nilimwambia, "Nzuri," nikarudi kwenye kaseti yangu.

Yeye alitengeneza taa ya uani kwa mama yake kule Kisarawe, inayojiwasha yenyewe ikifika Magharibi. Ilimchukua Jumamosi tatu, akaituma. Mama yake akamwandikishia barua kwamba majirani wamekuja kuiona, na kwamba imamu amesema taa ya Kibwana haichelewi kama mwadhini. Aliisoma kwa sauti mbele yetu, anatafsiri kwa Kiingereza, anacheka. Mimi nilicheka pia. Usiku wa siku hiyo sikula.

Mwezi wa nne nilipata aibu kubwa. Mashine za huku zinaanza kuhesabu siku usiku wa manane, na nilitaka saa ya kisanduku iwe ya kwetu, kwa sababu Mama alijua saa moja asubuhi ni saa moja. Nikaandika agizo la kutoa sita. Saa saba ya Kizungu, toa sita, unapata saa moja. Vizuri. Lakini kompaila yangu haikujua namba zilizo chini ya sifuri. Ilipofika saa nne ya Kizungu, alfajiri, ikatoa sita, ikaandika saa mia mbili hamsini na nne.

Kibwana alikuwa akipita na kikombe cha chai. Alikiweka chini ili acheke vizuri.

"Jamani! Kumbe huko kwenu Tabora siku ina saa mia mbili hamsini na nne! Ndiyo maana babu zenu wakifika pwani wamechoka!"

"Nenda zako."

"Na futari mnakula saa ngapi? Saa mia na themanini?"

Baadaye, tukiwa tunaosha vikombe, alizungumza bila mzaha. "Hamisi, niletee daftari lako. Nitaipitisha kwenye mashine yangu Jumamosi moja tu. Bi mkubwa apate dawa zake."

Hiyo ilikuwa Aprili. Mama alikuwa hai.

Nilimjibu, "Nitamaliza mwenyewe."

"Ni kugeuza tu, mtani. Maneno yatabaki yako."

"Nimesema nitamaliza mwenyewe."

Sikuwa na sababu nyingine ila wivu. Niliona kwamba ana mashine, ana kompaila, ana taa inayowaka Kisarawe, na sasa anataka na kengele ya mama yangu iwe ya kwake. Nilirudi kwenye kaseti. Niliendelea kupunguza maagizo, neno hapa, neno pale, kama mtu anayepunguza nguo kwenye begi lisilofunga. Siku moja nilifurahi sana, maana niligundua kwamba sihitaji kutoa sita hata kidogo. Nilifuta hesabu yote, nikaiamuru saa ianze siku yake alfajiri, kama Mama alivyoianza. Nafasi nyingi zikarudi. Nikapitisha tena. Zilizidi thelathini na moja. Mei zilizidi kumi na nane. Julai zilizidi tano, Dada. Tano tu.

Agosti ikaja barua yako.

Sisemi kwamba kisanduku kingemponya. Uliniandikia kwamba daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka, na mimi si daktari. Nasema tu kwamba kingeweza kuwa pale kitandani pake tangu Mei, kinamwashia taa, na hakikuwapo, na ni mimi niliyekizuia.

Nakuonea wivu na wewe pia, Dada, nisamehe. Wewe ulimshika kichwa. Wewe ulimpa maji kwa kijiko. Uliandika kwamba siku ya mwisho aliuliza kama treni ya Mwanza imeshapita, nami nimesoma mstari ule mara nyingi nikiwaza kwamba wewe ulimsikia akiuliza kwa sauti yake, na mimi nimepata wino.

Kibwana alipopata habari alikuja chumbani kwangu Jumapili mchana. Hakubisha hodi. Alinikuta nimekaa kitandani na barua mapajani. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nani kakuruhusu kulia?"

Nikaikunja barua.

"Nauliza, nani kakuruhusu? Mama wa Mnyamwezi anakufa, watani hatujaitwa, kaburi limefukiwa, hatukulala ndani yake hata dakika moja, sanda hatukuinyakua! Mmezika kimyakimya kama wezi!"

Nililia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo tangu barua ifike sikuwa nimeweza, kulia wala kucheka. Yeye akazunguka chumba, anafungua kabati, anatafuta cha kuteka. Akakiona kisanduku dirishani, na daftari langu chini yake. Akavikumbatia vyote.

"Hivi ni vyangu mpaka uvikomboe."

"Kibwana, hicho kiache."

"Nipikie michembe."

"Hapa Hull nitatoa wapi michembe, viazi vikavu vya kwetu?"

"Shauri yako. Mnyamwezi asiye na michembe ni Mnyamwezi gani? Basi, ugali na maharage, Jumamosi ijayo. Vinginevyo nakiuza."

Akaondoka navyo. Unajua, Dada, mtani akiteka kitu msibani humnyang'anyi. Hata Baba alipofariki yule mzee Mgogo alichukua kofia yake mbele ya watu wote na hakuna aliyesema neno. Nilimwacha aende.

Jumamosi nilipika ugali kwa unga wa ngano mgumu wanaotumia huku kwa uji wa watoto, na maharage ya kopo. Kibwana akaja, akanawa, akala mpaka akaona sakafu ya sufuria. Kisha akakitoa kisanduku kwenye mfuko, akakiweka mezani, akabonyeza mahali. Akasema, "Alfajiri hiyo." Baada ya kitambo taa nyekundu ikawaka na kengele ikalia.

Ilikuwa kengele yangu. Niliichagua mwenyewe, sauti nyembamba isiyomshtua mtu mzima. Sikuwahi kuisikia ikilia hata mara moja.

"Umefanya nini?"

"Nimegeuza tu. Nimenakili daftari lako neno kwa neno, sikuongeza hata nukta. Imeenea na nafasi zimebaki karibu mia tatu. Hamisi, maagizo yako yalikuwa mazuri. Mkalimani wako ndiye mchovu."

Nilitoka nje nikasimama uani bila koti. Ungedhani ningeshukuru. Moyoni nilikuwa nasema, hata hili amenichukulia. Nilifanya kazi Jumamosi zaidi ya hamsini, na siku kilipolia mara ya kwanza kililia mikononi mwa Kibwana, ugali ukiwa tumboni mwake. Alinifuata na koti langu, akanivisha mabegani kama mtoto, akarudi ndani bila tusi hata moja. Kwa mtu kama yeye hiyo ni kazi kubwa.

Mwanzoni mwa mwezi huu aliniambia anakwenda nyumbani likizo mpaka Januari. Atakaa na mama yake Kisarawe, kisha atapanda treni mpaka Tabora.

"Tabora kuna nini?"

"Kuna deni la utani. Niende kaburini nimtukane bi mkubwa kidogo, nirudi. Nipe jina la dada yako na njia ya kufika."

Dada, nilimnyima. Kwa wiki mbili nilimnyima. Pasi yangu imekwisha muda na wanasema nikitoka sitaruhusiwa kurudi, kwa hiyo mimi siji, si mwaka huu, na mwakani sijui. Na huyu Mzaramo, ambaye hakula chakula cha Mama hata siku moja, ndiye asimame penye kaburi lake kabla yangu mimi! Ana mama aliye hai anayemwandikia barua, na bado anamtaka na wangu. Nilikuwa nikiamka nikiwaza hivyo, nikienda kazini nikiwaza hivyo.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake kumwambia asinisumbue tena. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Alinifungulia mlango, na kabla sijasema akauliza, "Mama yako alikuwa akitembeaje?"

"Kwa nini?"

"Nitamwigizaje na sijapata kumwona? Mtani akienda kaburini hajui kumwigiza marehemu, si atachekwa? Nionyeshe."

Nilimwambia siwezi. Akasema, "Basi niambie tu." Nikaanza kumwambia. Nikamwambia alitembea haraka, amejishika kanga kifuani kwa mkono wa kushoto, kichwa kimetangulia, kama mtu aliyesikia treni inaingia naye hajakata tiketi. Akajaribu. Akakosea, alitembea kama mwanamke wa pwani, anajitupa. Nikasema, "Siyo hivyo," nikasimama, nikamwonyesha. Nilitembea mle chumbani kutoka dirishani mpaka mlangoni nikiwa Mama.

Tulikaa mpaka chai ikapoa. Nilimwonyesha alivyokuwa akipiga kofi moja na kusema, "Hee, wanangu!" akisikia habari mbaya au nzuri, sawasawa. Nilimwonyesha alivyofukuza kuku kwa kuwaita majina ya shangazi zetu. Nilimwambia alivyomsogezea mgeni sahani na kumwambia, "Kula, usile kama bwana shamba." Alivyonusa unga kabla ya kuununua. Alivyofungua fundo la kanga kwa meno, kichwa kimeinamishwa upande, jicho moja limefumbwa. Mengi nilidhani nimeyasahau. Yalikuwa yakitoka yenyewe, moja likivuta jingine.

Kisha Kibwana akasimama, akachukua shuka akajifunga, akatoka dirishani kuja mlangoni. Kidevu kikainuka, kofi moja likapigwa, "Hee, wanangu!" Alikuwa yeye, Dada. Ndevu za Kibwana na kila kitu, lakini alikuwa yeye. Alimpata kuliko nilivyompata mimi. Nikamwonea wivu kwa hilo nalo, nakwambia kweli, kwamba Mama amekubali kuingia kwenye mwili wa mtu mwingine upesi kuliko kwenye wangu. Lakini sikuondoka. Nilimwambia, "Rudia." Akarudia mara tatu. Mara ya tatu nikampa jina lako, na njia ya kutoka stesheni mpaka Ipuli.

Kwa hiyo huyo uliyempa kiti ndiye. Kisanduku anacho begini, ameshakiteka tena, ni mali yake mpaka akukabidhi mwenyewe, usikichukue kwa nguvu. Najua wewe hunywi dawa, na labda hutaki kuisikia kengele hiyo. Shangazi wa Bukene naye ana presha, na tangu wahamishiwe kijijini zahanati iko karibu. Mpelekee. Saa ianzishwe alfajiri, Kibwana atawaonyesha pa kubonyeza.

Kuna jambo moja linanikosesha raha tangu Jumapili ile, nalo ndilo ninalokuomba. Nilimfundisha Kibwana Mama niliyemwacha mwaka 1976. Uliniandikia kwamba baadaye goti lilimsumbua akashika fimbo. Mimi fimbo hiyo siijui. Sijui aliishika mkono gani, wala kama aliigonga chini au aliiburuta. Sijui kama hasira zake zilipungua, au kama aliendelea kusema "Hee, wanangu!" meno ya mbele yalipotoka. Mtakapofika kaburini, mwache Kibwana aigize kama nilivyomfundisha, mcheke kama inavyopasa. Halafu umsahihishe. Mpe fimbo ileile kama bado ipo. Mwonyeshe alivyoinuka mkekani, alivyoita watoto, alivyokaa kusubiri dawa. Mkazanie mpaka ampate, usimwonee haya, ana kichwa chepesi. Akirudi Januari atasimama hapa chumbani aniigizie, nami nitamwona Mama wa miaka minane ambayo sikuwapo.

Nisalimie shemeji, na wanao wote. Msalimie shangazi wa Bukene, mwambie nakumbuka asali yake. Msalimie jirani wetu mshona kofia, na bibi anayeuza karanga karibu na msikiti, kama yuko hai, na maalimu aliyetusomesha Kurani, na yeyote aliyebeba jeneza. Wote uwaambie nimepokea pole zao.

Siku hiyo ya kaburini, baada ya kucheka, mtakapoinua mikono kumwombea, na mimi mnitaje kwa jina.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi